Shule Isiyosikika Barabarani

Kufikia mwaka wa 1993 neno Montessori lilikuwa limeingia Kibera na Kawangware kama neno intanashonali lilivyoingia kwenye vibanda vya vinyozi: kwa rangi ya mafuta, juu ya mlango, bila maelezo. Shiundu, fundi wa mbao aliyeishi Lindi, mtaa wa ndani ya Kibera, na kufanyia kazi Kawangware, alikuwa miongoni mwa wachache waliojua maana yake, na aliijua kwa njia ya msasa. Nasari moja ya watoto wa wenye nacho, huko kwenye nyumba za ua na mbwa, ilimwagiza vibao vyenye matundu kumi, kila tundu na kigingi chake, kigingi kimoja kisiingie kwa mwenzake. Siku ya kupeleka kazi aliambiwa asubiri mlangoni. Akasubiri, akatazama. Mtoto wa kike alikuwa akimimina maji kutoka jagi hadi jagi. Alimimina, akayarudisha, akapangusa meza, akaanza tena. Kwa muda wote huo hakuna mtu mzima aliyemwambia basi. Shiundu alilipwa akaondoka, na njia nzima hakuwaza jingine ila mtoto yule.

Nyumbani alikuwa na mtoto wake mwenyewe. Nasike, wa miaka mitano, hakuwa bubu. Ni kwamba hakuwa na haraka na maneno. Ukimpa maharagwe achambue, alitoa mawe, kisha akaendelea: yenye madoa huku, mekundu kule, yaliyopasuka peke yao. Ukimkatiza hakulia. Alibaki palepale ulipomkatizia, mpaka jua litue. Mamake, Nabalayo, aliuza sukuma wiki kwa sauti iliyofika stesheni, na alisema mtoto amerithi kimya cha ukoo wa babake kama vile wengine wanavyorithi pumu. Hakukosea sana. Siku ya kupeleka mahari Shiundu alitamka sentensi moja, na ilihusu mvua.

Basi akaanza kutafuta shule ambayo mtoto wa aina hiyo angeachwa amalize alichoanza. Wazazi wengine walikuwa wakitafuta shule yenye sare nzuri, kwa hiyo hakuwa na wa kumuuliza.

Ya kwanza ilikuwa hapo hapo Lindi, ya bwana mmoja Ishmael: watoto sitini ndani ya chumba cha mabati, wakipaza A mpaka Z. Shiundu aliuliza Montessori hasa ni nini. Ishmael alifikiri kidogo, akamjibu kwamba ni mtindo wa kuimba. Nasike alikuwa ameziba masikio, na Ishmael akasema hilo litarekebishwa. Ya pili ilikuwa Kisumu Ndogo, bado Kibera, ya Madam Rosebella, ambaye alikuwa na vifaa vyenyewe, vya mbao nzuri, ndani ya kabati la vioo lenye kufuli. Vilitolewa siku ya wazazi.

"Ukiwaachia watoto si wataviharibu?" alieleza.

Shiundu, aliyejua ugumu wa mbao ile kwa maumivu ya bega, alimshukuru akaaga.

Ya tatu nusura waipite. Ilikuwa chumba cha nyuma cha kanisa, Kawangware, na hakuna sauti iliyotoka humo. Ndani walikuwamo watoto kumi na tisa na mwalimu mmoja, Musimbi, mwanamke mwembamba aliyesomea kazi hiyo mwaka mzima mjini. Vifaa vyake vilikuwa vifuniko vya chupa, maboksi ya viatu na majagi mawili ya plastiki. Hakumuuliza Nasike jina. Alimwacha akae kando ya vifuniko, na baada ya nusu saa Nasike alikuwa amevipanga kwa rangi, kisha kwa kutu.

Hakuuliza pia mtoto amefika herufi gani. Alimuuliza baba, "Akikasirika, hufanya nini?"

Shiundu alikwenda kumuuliza mkewe.

"Hufanya kama wewe," Nabalayo alisema. "Hukaa."

Mwalimu alipoletewa jibu hilo aliliandika kwenye daftari, na Shiundu akaona kwamba hatimaye amepata mahali. Kuanzia hapo alimbeba Nasike mabegani kila asubuhi, Lindi hadi Kawangware, wote wawili kimya. Alimchongea mwalimu vibao vya vigingi kutoka kwa mabaki ya kazi. Muhula wa kwanza mtoto alianza kusimulia mambo yake usiku akivuliwa viatu, sentensi mbili, tatu, zote kamili. Kama Shiundu angeulizwa ni lini alikuwa na furaha, ni miezi hiyo angeitaja. Hakuulizwa.

Taabu ya shule hiyo ni kwamba haikusikika barabarani. Kawangware mtu alijua shule nzuri kama alivyojua kanisa zuri: alisimama nje akasikiliza. Wazazi walisimama nje ya kwa Musimbi, hawakusikia kitu, wakaanza kuulizana kama watoto wamelala. Mwenyekiti wao, Okeyo, muuza mitumba mwenye kifua kipana, alikuwa na kisa kibaya zaidi. Nyanya wa watoto wake alikuja kutoka Kisumu, mtoto wa jirani akamhesabia hadi mia, na Billy wake yeye, alipoombwa aonyeshe alichofunzwa, akaomba majagi mawili.

"Mtoto wangu amesomea kumwaga maji," Okeyo aliwaambia wenzake. "Maji yenyewe ya kununua kwa mtungi."

Na mbele kulikuwa na intavyuu ya darasa la kwanza katika shule ya kanju, yaani ya baraza la jiji, ambako mtoto huulizwa kwa ukali na hutakiwa kujibu kwa haraka. Mkutano ukaitwa Jumamosi. Siku mbili kabla, Musimbi alimfuata Shiundu kwenye benchi lake la kazi. Alimwambia kwamba wakishinda wale, patakuwa na kuimba na fimbo, na watoto kama Nasike ndio watakaoanza kuchapwa, kwa sababu kimya huonekana kama ukaidi. Akisema yeye mwalimu, wataona anatetea ugali wake. Mzazi akisema, watasikiliza.

"Nitasema," Shiundu akamwambia.

Alijiandaa siku mbili, randa mkononi. Alikuwa na maneno mazuri, kuhusu kigingi na tundu lake, na kwamba ukikigonga nyundo kitaingia popote lakini si kigingi tena. Jumamosi aliketi nayo kwenye benchi la tatu. Okeyo alisema, Trizah mama wa mapacha akasema, Nabalayo akasema mara mbili. Kila Shiundu alipofungua mdomo alimkuta mtu mwingine tayari yumo ndani ya sentensi. Musimbi alimtazama. Shiundu akatazama kazi ya dari, ambayo haikuwa nzuri.

Kisha Okeyo akasema wapige kura ya mlolongo. Serikali ilikwisha kuuacha mtindo huo, lakini mitaani vitu vya serikali huchakaa polepole. Wanaotaka masomo wapange foleni nyuma ya mwenyekiti. Wanaotaka majagi, nyuma ya mwalimu. Watu wakatoka nje, uani, wakapanga. Nyuma ya Okeyo walifika kumi na wanne, Nabalayo akiwa wa tano. Nyuma ya Musimbi, watatu. Shiundu alibaki katikati, mikono kando.

"Fundi," Trizah aliita, "unapima nini tena? Futi ngapi?"

Watu walicheka, bila ubaya. Nabalayo alisogea kidogo akamfanyia nafasi, kama vile mtu afanyavyo kwenye foleni ya unga. Na Shiundu akaenda akasimama kwenye nafasi hiyo.

Hesabu ilikuwa kumi na watano kwa watatu. Wazee waliopanga foleni za uchaguzi wa 1988 walisema ndiyo ya kwanza wanayoikumbuka ambapo iliyo ndefu ilitangazwa ndefu. Angekwenda kwa mwalimu ingekuwa kumi na wanne kwa wanne; hesabu hiyo Shiundu aliifanya miaka mingi, jibu halikubadilika wala halikumpa nafuu. Musimbi alikusanya daftari zake. Alipompita alimkabidhi sweta ya Nasike, iliyosahauliwa Ijumaa.

Muhula uliofuata alikuja mwalimu Daisy, mwenye kidato cha nne na kifua chenye nguvu. Alikuwa na fimbo fupi na neno moja, "Sauti", na mtoto asiyesikika alilisikia mara mbili. Wiki za kwanza Nasike alirudi na alama miguuni na akakaa, kama alivyozoea akikasirika. Kufikia Agosti alama zilikwisha.

Jioni moja mezani Shiundu alimuuliza kama ameshiba. Nasike aliinuka, akaweka mikono nyuma, akatazama ukuta.

"Yes, ticha," akapaza.

Nabalayo alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwita jirani aje asikie, na Nasike akarudia, mara tatu, kwa kiwango kile kile. Jirani akasema huyu darasa la kwanza atapita, na kweli alipita. Nabalayo akamgeukia mumewe akamuuliza kama hata hili halimfurahishi.

"Nimefurahi," Shiundu alisema.

"Sauti, baba," Nasike akamwambia, bado amesimama.

Shiundu akarudia kwa sauti.