Mkalimani Naye Akapimwa

Wataalamu wa afya walipopanda kijijini kwetu Vidunda, mlimani, kupima watu homa ya ini, waliniomba niwe mkalimani, kwa kuwa wazee wetu wengi hujieleza vizuri zaidi kwa Kividunda. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi sita. Asubuhi nzima nilikaa kwenye zahanati nikirudia maswali yale yale: Umewahi kunyolewa kwa wembe uliotumiwa na mwingine? Umechanjwa chale? Nyumbani kuna aliyeugua ini?

Swali hilo la mwisho lilinichoma. Baba yangu alikufa macho yakiwa ya njano, tumbo limejaa maji. Majirani walisema karogwa.

Kufikia mchana watu walikuwa wanasikiliza tu, hakuna anayenyoosha mkono apimwe. Nikaona aibu kuwahimiza wenzangu nami nimekaa. Nikanyoosha wangu.

Kipimo kilionyesha ninavyo virusi vya homa ya ini aina ya B.

Muuguzi alinivuta pembeni. "Mwalimu, wewe utatumia dawa. Lakini mtoto tunaweza kumkinga kabisa. Ujifungulie hospitalini, achomwe chanjo siku hiyo hiyo."

Nyumbani nilimweleza mama. Aliitazama mikono yake. Tulipokuwa wadogo, yeye ndiye aliyetuchanja chale sote, watoto wake na wa jirani, kwa wembe mmoja.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekupa?"

"Mama, hakuna anayejua. Huenda nilizaliwa navyo. Ulikuwa unatutibu."

Alilia, nikamwacha alie. Kesho yake, bila kuambiwa na mtu, akatupa nyembe zake zote chooni.

Mwezi wa mwisho nilihamia Mikumi, mji wa bondeni wenye hospitali, kwa mama mdogo, nisije nikashikwa na uchungu mlimani na njia imeharibiwa na mvua. Mama alikuja nami. Mwanangu wa kike alizaliwa saa nne asubuhi, akipiga kelele kama aliyedhulumiwa. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshachomwa sindano, na mama amemsimamia muuguzi kama msimamizi wa mitihani.

"Imeingia yote?"

"Yote, bibi."

Hatukukosa kliniki ya chanjo hata moja. Alipotimiza mwaka na miezi kadhaa, tukashuka naye tena kupima damu. Nilikaa nimemkumbatia. Daktari akasoma karatasi, akacheka.

"Hana kitu. Na kinga anayo."

Mama alipiga kigelegele mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakatoka kuchungulia. Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja. Ugonjwa uliomchukua baba na kunifikia mimi ulikuwa umegonga mwamba.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada kijijini, mama aliomba nafasi ya kusema. Alikuwa hajawahi kuhutubia watu maishani mwake. Alimnyanyua mjukuu wake juu.

"Mume wangu hakurogwa," alisema kwa Kividunda. "Alikuwa na homa ya ini. Mtoto huyu hana, kwa sababu mama yake alikubali kupimwa. Nyinyi mnaogopa nini?"

Jumatatu foleni ya kupimwa pale zahanati ilitoka nje ya geti. Mama alikuwa wa kwanza, mkono wa gauni ameshaukunja, akiwagombeza waliokuwa wanasukumana nyuma yake.