Hapana ya Delbert Stiltner

Zamani, katika mji wa Tanners Bend, mtu mzima asiyejua kusoma alijificha kwa aibu. Siku hizi mtoto wa darasa la tatu asiyejua kusoma hubandikwa nyota ya karatasi kifuani na kuambiwa amejitahidi.

Delbert Stiltner aliijua aibu hiyo kwa undani. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne, baba yake alipovunjika mgongo mgodini, akaingia kiwanda cha viatu kando ya mto Ohio kukata ngozi. Wakataji walikuwa na desturi yao. Saa ya chakula walikaa juu ya marobota ya ngozi na mmoja akawasomea wenzake gazeti kwa sauti, kwa zamu, kuanzia habari za vita hadi matangazo ya vifo. Zamu ya Delbert ilipofika mara ya kwanza, alisema macho yanamuuma. Mara ya pili akasema koo limekauka. Mara ya tatu mzee mmoja, Amos Fultz, alimvuta nyuma ya mashine, akachukua kipande cha ngozi ya ndama na kukitoboa tundu jembamba kwa kisu cha kazi.

"Weka hiki juu ya gazeti," alimwambia. "Soma kinachoonekana tunduni. Vingine vyote bado havijazaliwa."

Kwa tundu lile Delbert alijifunza kusoma, herufi kwa herufi, majira mawili ya baridi. Baadaye alisoma alichokipata: historia ya Warumi, vitabu vya nyota, sheria za ardhi, Biblia mara tatu na ugomvi nayo mara nne. Hakuwahi kupata cheti. Kiwanda kilifungwa, Amos akazikwa, Opal mke wa Delbert naye akazikwa, na gazeti la mji likakoma kuchapishwa. Akiwa na miaka sabini na tisa, Delbert alikuwa bado anasoma kwa sauti kila adhuhuri mezani jikoni kwake, ingawa hakukuwa na wa kumsikiliza. Gazeti lilipokosekana, alisoma maandishi ya kwenye boksi la shayiri.

Septemba moja alikutana dukani na Verna Kessinger, mwalimu wa kusoma wa shule ya msingi. Verna alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mwanamume, na alizungumza kama mtu anayeogopa basi litamwacha.

"Mzee Delbert, Jumanne na Alhamisi una shughuli gani?"

"Kufa polepole."

"Basi njoo ufie maktaba ya shule. Nina watoto kumi na tisa na masikio mawili."

Akaenda. Mkutubi alikuwa ameachishwa kazi miaka miwili nyuma, na tangu hapo makabati ya vitabu yalikuwa yamefungwa kwa kufuli, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuandikisha vinavyoazimwa. Delbert aliketishwa kwenye kiti cha watoto, magoti yakakaribia kidevu, na mbele yake wakaletwa dada wawili. Raelynn Dials alikuwa na miaka minane, mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele. Maci, wa miaka sita, alikuja kwa sababu alikataa kubaki darasani bila dada yake.

Raelynn alifungua kitabu akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Delbert akashangaa ameitiwa nini. Kisha akaona kwamba mtoto hatazami maandishi. Alitazama picha, akatazama herufi ya kwanza, kisha akatunga. Kitabuni palikuwa na picha ya banda la ng'ombe, na maandishi yalisema banda; Raelynn akasema boma, kwa sauti nzuri, na kuendelea.

Delbert akaifunika picha kwa kiganja chake.

Raelynn alitazama kiganja, akamtazama mzee.

"Toa mkono, Babu. Sioni."

"Maneno si haya hapa? Mkono haujayagusa."

"Mwalimu wa darasa la kwanza alisema tukikwama tuangalie picha."

"Na ukikua ukapewa karatasi ya hospitali isiyo na picha?"

"Nitamwambia Maci anisomee," alisema Raelynn.

"Mimi sijui kusoma," alisema Maci.

"Basi tutakufa wote wawili," akajibu dada yake.

Maci akacheka mpaka akateleza kitini. Delbert hakucheka. Shuleni walikuwa wamewafundisha watoto hawa kubahatisha, kwa vitabu vya rangi na mafunzo maalumu ya walimu, na wakasema huko ndiko kusoma. Amos Fultz aliyeishia darasa la tano alijua zaidi yao.

Alhamisi iliyofuata alileta kile kipande cha ngozi cha Amos. Kilikuwa kimegeuka cheusi kwa uzee na kulainika kama ulimi. Akakiweka juu ya ukurasa, neno moja likabaki tunduni, na Raelynn akalitamka sauti kwa sauti, jasho likimtoka puani. Maneno manne siku ya kwanza. Kufikia katikati ya Oktoba alimaliza ukurasa bila picha, polepole, akipiga kila neno kichwani kama msumari.

Jambo lililokuwa mbele yake lilijulikana na kila mtu. Mwezi wa Aprili kulikuwa na mtihani wa kusoma wa darasa la tatu, na asiyefaulu hurudia darasa. Mama yake, Tawny, aliyekuwa akiwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, alimwambia Delbert mlangoni mwa shule bila kuzunguka: "Akirudia, hataweka mguu shuleni tena. Namjua. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyoishia." Na Verna alikuwa amesema waziwazi kwamba yeye akiendelea kumfundisha hivi, mtoto atafika. Atafika kwa shida, lakini atafika.

Ila mwaka ule bodi ya shule ilikuwa imerudi kuomba kodi ya majengo iongezwe kwa ajili ya shule, na Novemba wananchi walitakiwa kupiga kura. Kodi ikikataliwa, alisema Verna, mwalimu wa kusoma ndiye wa kwanza kutoka, mara tu baada ya Krismasi.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba wa Delbert. Miaka tisa kabla, bodi hiyo hiyo iliomba kodi kama hiyo kwa mabango yenye picha za vitabu. Delbert alipiga ndiyo, tena akazunguka nyumba kwa nyumba kuwashawishi wengine. Mwaka uliofuata vitabu havikuonekana, lakini uwanja wa mpira ulipata taa mpya zilizoonekana mpaka ng'ambo ya mto. Asubuhi moja katika mgahawa wa Harlan Tackett, wanaume watano wa meza ya dirishani, Delbert akiwamo, walipeana mikono juu ya vikombe vya kahawa: hawatawapa tena watu wale senti moja. Mkono wa mtu aliyetoka kiwandani ulikuwa na uzito zaidi kuliko sahihi ya wakili. Hilo nalo siku hizi limekwisha, lakini kwa wale watano lilikuwa bado hai.

"Nasikia umekuwa mwalimu," Harlan alimwambia wiki ya uchaguzi, akimmwagia mchuzi mweupe wa maziwa juu ya mikate yake. "Usije ukatugeuka, Delbert. Wanakuletea watoto wenye mapengo kusudi ulie."

"Nimegeuka lini mimi?"

"Nauliza tu. Mapengo ni silaha mbaya."

Wote wakacheka. Delbert akala mikate yake yote.

Siku ya kura, vibanda viliwekwa katika maktaba ile ile, katikati ya makabati yenye kufuli. Mlangoni, kama ilivyokuwa tangu enzi za Opal, akina mama waliweka meza ya pai na keki ili shule ijipatie chochote. Delbert aliingia kibandani, akashika kalamu. Akaona taa za uwanja. Akaona mikono mitano juu ya vikombe. Akajiambia kwamba kodi itapita tu, mji umejaa wazazi, na kura moja ya mzee haitamfukuza mtu kazi. Yeye atakuwa amelinda neno lake na mtoto atakuwa amebaki na mwalimu wake. Akatia alama kwenye hapana.

Alipotoka, Raelynn alikuwa nyuma ya meza, kavaa aproni inayogusa viatu. Mbele ya kila pai kulikuwa na kadi iliyoandikwa kwa mkono, isiyo na picha.

"Subiri, Babu, usiniambie." Akakunja vidole kufanya tundu, akakiweka kiganja juu ya kadi, na midomo yake ikafanya kazi. "Ma-le-nge. Pai ya malenge!"

"Sawasawa."

"Sikubahatisha."

"Nimeona."

"Umetupigia kura?"

Delbert akahesabu chenji ambayo hakuhitaji kuihesabu. "Kura ni siri, binti."

Akala pai yake akiwa amesimama uani, mgongo kwa dirisha.

Kodi ilishindwa kwa kura nne. Alisikia kwenye redio asubuhi, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Hakwenda kwa Harlan. Alikaa kitandani akifanya hesabu ambayo hata Maci angeiweza: wangegeuka watatu tu kati ya wale watano, kodi ingepita. Na mwaka ule wa kura ya kwanza alizunguka mji mzima kuwasemesha watu. Safari hii hakuvuka hata meza ya Harlan kumsemesha mmoja.

Wiki moja kabla ya Krismasi alikwenda shuleni. Verna alikuwa peke yake maktabani, akipanga vitu vyake katika boksi: kadi za herufi, kikombe, viatu vya akiba.

"Nilipiga hapana," alisema Delbert akiwa bado mlangoni, kofia mkononi.

Verna hakuinua kichwa. Aliendelea kufunga kadi kwa raba, fungu moja, fungu la pili, la tatu. Delbert alitamani amtukane. Angeweza kujibu matusi. Alikuwa na maneno mengi juu ya bodi, juu ya taa, juu ya watu wanaoonyesha vitabu na kununua nguzo za taa. Verna alifunika boksi, akalizungukia.

"Shika upande ule," alisema. "Ni zito."

Wakalibeba hadi kwenye gari lake. Verna akaondoka.

Tawny naye hakungoja. Dada yake aliishi Dayton, mji ulio mwendo wa saa tatu kwa gari, na shule ya mtaani kwake ilikuwa bado na mwalimu wa kusoma. Jumamosi ya kwanza ya Januari Delbert alitembea mpaka kwao na kipande cha ngozi ndani ya bahasha. Gari lilikuwa limeshapakiwa. Magodoro juu, yamefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Maci alikuwa ameketi tayari ndani, kakumbatia tosta ya kubanikia mkate. Raelynn alikuwa ngazini anavaa glavu.

"Hiki ni chako," Delbert akampa.

Raelynn akakitoa, akamchungulia kupitia tunduni. "Na wewe utasomea nini?"

"Mimi nilishahitimu."

Akacheka kidogo. Halafu, kwa kuwa watoto hawasahau, akauliza: "Kura bado ni siri?"

Delbert akatazama ngazi. "Nilipiga hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya taa za uwanja wa mpira."

"Taa zimefanya nini?"

"Zamani tuliahidiwa vitabu, wakaweka taa."

Raelynn akafikiri, paji limekunjamana kama lilivyokunjamana kwenye maneno marefu. "Mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwa hujazaliwa."

Hakukasirika, wala hakumkumbatia. Alimtazama tu kama alivyokitazama kile kiganja siku ya kwanza, kilipoifunika picha. Tawny akapiga honi na kuita, "Raelynn! Barafu itatukuta njiani! Kwaheri, Mzee Delbert, asante kwa yote!" Asante ile ilimwingia Delbert zaidi kuliko ambavyo tusi lingemwingia.

Gari likarudi nyuma, likagonga pipa la taka, likashika barabara. Kwenye kona, chini ya bango la shule la kuombea kura ambalo hakuna aliyekumbuka kuliteremsha, lilisimama kungoja lori lipite. Delbert aliwaona kupitia kioo cha nyuma, kati ya mito na mabegi: Maci akipandisha na kushusha kishikio cha tosta kama mkono wa kuaga, kwa kuwa wake ulikuwa umebanwa, na Raelynn kainamia kitu mapajani, kichwa hakisogei. Huenda alikuwa anasoma. Huenda alikuwa analia, au amelala tayari. Kwa umbali ule, na kwa macho yale, hakuweza kujua, naye hakutaka kubahatisha. Lori likapita, gari likakunja kushoto kuelekea barabara kuu, na hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona.