Mtoto Anayeaga kwa Utani

Miaka ile chama cha ushirika kilipopoteza nguvu na wanunuzi binafsi kuingia milimani Mbinga, dawa ya mibuni, ile sumu ya kuulia wadudu, nayo iliacha kutunzwa ghalani kwa chama, ikahamia majumbani. Mimi nilikuwa mkufunzi wa walimu. Nilipewa kazi ya kuwafundisha walimu na walezi namna ya kumtambua mtoto mdogo anayewaza kujiua. Katika semina zangu nilipiga marufuku neno "inasemekana": kila mtu aseme alichokiona mwenyewe.

Tulipokuwa Kitai, bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa darasa la tatu, aliyefiwa na mama, alisimama akitabasamu.

"Mwalimu, mke mwenzangu yule ana visa. Juzi kanigawia kuku wake, akaniambia, 'Bibi, mimi naenda kwa mama.' Nikamjibu, 'Nenda, tena uniachie mume wetu.'"

Ukumbi ulicheka. Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni watani, huitana wake wenza, na hata kifo hutaniwa.

"Nyumba ile imerogwa," alidakia mzee mmoja.

"Umeona?" nilimwuliza.

"Nimesikia."

"Basi kaa."

Nilimwuliza bibi kama mtoto anakula na kucheza.

"Chakula anagusa tu. Mdako kaacha."

Nilieleza kwamba mtoto anayegawa anachokipenda na kuaga hatanii, hata akijibiwa kwa utani. Aulizwe waziwazi.

"Nimtamkie mtoto kifo, mwalimu? Si nitamwitia?"

"Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo, mama. Kunampa nafasi ya kulitua."

Alichukua khanga yake akatoka. Nilimfuata pamoja na mwalimu wa darasa la mtoto, aliyekuwamo semina.

Tulimkuta mtoto uani akichambua maharage. Bibi alikaa chini kando yake.

"Mjukuu wangu, leo sitanii. Uliposema unaenda kwa mama, ulitaka kufa?"

Mtoto aliendelea kuchambua. Kisha akaitikia kwa kichwa.

"Nikifa nitamkuta?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba nakutaka hapa."

Hapo ndipo mtoto alipolia, naye bibi akamvuta mapajani. Dawa ya mibuni iliyokuwa nyumbani mwao tuliihamishia stoo ya jirani yenye kufuli. Mwalimu wake alikubali kuwapeleka asubuhi hospitali ya Mbinga, na kumwangalia kwa karibu siku zote za shule.

Kesho yake bibi hakuonekana semina. Alituma ujumbe kwamba hawezi kumwacha mtoto peke yake. Walipoulizana ukumbini kama atapewa cheti, nilijibu kwamba atakuwa wa kwanza kupewa.