Mkwe Kwenye Waya

Nyinyi vijana mnaopenda kusema wazee wanaogopa mashine, kaeni chini kwanza.

Miaka ya sabini nilikuwa mkubwa wa jiko katika shule moja ya bweni upande wa Migwani. Tulikuwa wanawake watano: wanne wa umri mmoja, nami nikiwemo, ambao darasa tuliliona dirishani tu, na msichana mmoja aliyefika kidato cha pili. Kuagiza mahindi na maharagwe ya muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyokobolewa, kule stoo ilikuwa kazi yangu mimi.

Kisha shule ikaajiri karani mpya wa stoo. Alikuwa mume wa binti yangu.

Kama wewe si Mkamba, elewa hivi: mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Hiyo ndiyo nthoni, heshima yetu. Siku ya kwanza nilipomwona dirishani nikageuka na debe tupu, naye akajificha nyuma ya magunia. Wanafunzi wakala saa tisa. Kesho yake nikamtuma mwenzangu, akarudishwa: anayeagiza ni mkubwa wa jiko mwenyewe. Siku ya tatu mwalimu mkuu akaniambia nichague, stoo au nyumbani. Na mimi nilikuwa na watoto wanne wa kusomesha.

Wiki hiyo hiyo ikaletwa simu ya waya, kutoka ofisini hadi jikoni na stoo. Mwalimu mkuu akasema itashikwa na msichana, sisi wengine tumezeeka na hatukusoma. Ikalia. Msichana akasema "Helo" vizuri kabisa. Mwalimu mkuu akamjibu kwa Kiingereza kirefu, naye akaiweka chini kama sufuria ya moto, akaenda kuchambua maharagwe. Aliyesoma kidogo ana mengi ya kukosea. Mimi sikuwa na hata moja.

Nikaitazama ile simu. Haikuwa na macho. Nikajifunika leso, nikageukia ukuta, nikazungusha mkono wa simu mpaka stoo wakajibu.

"Mkwe," nikasema, "debe mbili za mahindi, moja ya maharagwe. Weka nje ya mlango, ufunge."

"Ndiyo, mama. Nimesimama."

"Kaa. Sikuoni."

"Siwezi kukaa, mama."

Siku hiyo chakula kiliiva kwa wakati. Kabla ya mwezi kuisha, wazee wote wanne tulikuwa tunapiga simu, ingawa mmoja wetu alipaza sauti hivi kwamba stoo walimsikia bila waya. Msichana alikuwa wa mwisho. Mwalimu mkuu alimkuta karani amesimama wima, kofia kifuani, akiitikia mambo ya maharagwe. Akaja kuniuliza nilifundishwa simu na nani. Nikamwambia nilifundishwa na heshima.

Binti yangu naye akadhani mambo yamelegea. Akatuma neno kwamba Jumapili atamleta mumewe tule meza moja, maana tunaongea kila siku. Nikawaita watu wa nyumbani wote, nikawaambia:

"Mkwe akifika, mtu amsalimie kwa sauti kubwa akiwa bado kule langoni. Na mlango wa nyuma usifungwe."