Kongobololo na Ugonjwa Ulioingia Damuni

Niliamini, tena na diploma ya shule ya jioni ukutani, kwamba mamba wa mto kule Yanonge alimng'ata mvuvi aliyezoea kunywa kongobololo, lile jani chungu, akamtema na kusukutua kinywa. Damu ikiwa chungu, tuliambiana, hakuna mdudu atakayekaa ndani yake.

Mimi ni seremala wa mtaa wa Simi-Simi, naishi peke yangu. Wakati ule nilikuwa na nguvu za watu kumi na wawili. Mlango nilikuwa naubeba kwa kidole. Kisha msumari wenye kutu ukanichoma unyayo. Nilicheka. Nikachemsha majani, nikanywa ndoo nzima, mengine nikayaponda na kuyafunga juu ya kidonda. Siku ya tatu mguu ulivimba kama mkungu wa ndizi, usaha ukatoka. Siku ya tano nilitetemeka mpaka kitanda kikahama. Nilikuwa naongea na msumeno, maana hapakuwa na mwingine.

Jirani yangu Mama Zaina akagonga.

"Papa Bosco, sisikie kazi yako. Uko muzima?"

"Najitunza, mama. Nimekunywa dawa."

"Unajitunza? Unaoza!"

Akanipandisha toleka, baiskeli ya abiria, mpaka hospitalini. Daktari akapima damu.

"Mikrobe imeingia katika damu. Ungekuja kesho, bon, tungetafuta sanduku ya maiti."

Nikajiuliza: na seremala ndiye mimi, nani atalipigilia?

"Mutu wa kukulinda hapa wodini iko wapi?" daktari akauliza.

Sikuwa naye. Mama Zaina ana watoto wake, alirudi kwao. Kwetu mgonjwa hupikiwa na kuoshwa na ndugu. Wagonjwa wote wodini walikuwa na ndugu na sufuria. Mimi nilikuwa na ukuta. Pondu, mboga ya majani ya muhogo, ikifunguliwa, nilifumba macho nijifanye nimelala, wasinihurumie. Wiki mbili za serumu ya mshipani na sindano, nyufa zote za dari nikazipa majina.

Homa ikashuka. Mguu ninao. Namshukuru Mungu, Mama Zaina, na wote walionichoma sindano. Nawe mwenye kidonda na homa, usijifungie; gonga kwa jirani.

Siku ya kutoka nilimuuliza muuguzi: "Donc kongobololo ni uongo? Nilisikia wataalamu walilipima."

"Walilipima, tonton. Linadhoofisha baadhi ya mikrobe ndani ya kichupa cha laboratwari. Lakini weye hauko kichupa. Kidonda na homa, unakuja siku ile ile."