Analazwa Jua Likiwa Juu

Saa kumi alasiri. Jua linapiga dirishani, watoto wa jirani wanapigia mpira ukutani, na Chapchap anamvalisha mwanamke mzima gauni la kulalia.

"Kuku bado wanarandaranda nje, shoga," anasema mwanamke huyo. "Mimi nimeshafungiwa bandani."

Chapchap hacheki. Anamgeuza ubavu, anamwekea mto mdogo katikati ya magoti, kisha ananyoosha shuka kwa viganja. Mkunjo mmoja ukibaki, anasema, kesho ni kidonda.

Ni mama wa watoto watatu, na huu ni mwaka wake wa kumi na moja akihudumia watu wenye ulemavu majumbani. Jina la Chapchap amepewa na hao hao anaowahudumia. Huyu wa leo wanamwita Msusi. Alisuka nusu ya wanawake wa mtaa huu mpaka alipovunjika uti wa mgongo ajalini. Mikono na miguu haimtii tena. Mdomo haujapungua hata kidogo.

Miezi mitatu iliyopita, Chapchap alikuwa akija kumlaza saa tatu usiku. Halmashauri ikakata bajeti, zamu ya usiku ikafutwa. Sasa Msusi analazwa saa kumi na kubaki hivyo hivyo mpaka alfajiri. Binti yake hurudi kutoka kazini usiku, lakini ana mimba ya miezi saba. Hawezi kumnyanyua wala kumgeuza.

"Eti wameboresha ratiba!" anasema Chapchap. "Nani kati yao analala saa kumi? Mwanangu wa miaka minne namlaza saa mbili, na bado ananigombeza."

Zamu hiyo iliondoka na theluthi ya mshahara wake. Hilo halisemi mpaka aulizwe, na akiulizwa anajibu kwa mkato: "Mimi nina miguu. Nitahangaika."

Kilichomchemsha ni tangazo la wiki iliyopita. Halmashauri imeitisha mkutano wa kuwasikiliza wanaohudumiwa: Alhamisi, saa kumi na mbili jioni.

Alipiga simu ofisini papo hapo.

"Nikamuuliza yule bwana, hao mnaotaka kuwasikiliza, saa hiyo si mmeshawalaza? Ananiambia, 'Mama, wanaweza kutuma mwakilishi.' Mwakilishi wa nini, na mwenyewe mdomo anao?"

"Tena si wa kuazima," Msusi anadakia.

Basi Alhamisi Chapchap atakuja saa kumi kama kawaida, ila gauni la kulalia litabaki kabatini. Atamvalisha Msusi gauni jekundu, atamketisha kwenye kiti cha magurudumu na kumsukuma mpaka ukumbini. Wahudumu wenzake watano wameahidi kufika, kila mmoja na mtu wake.

Msimamizi ameshamwonya: asipomlaza mtu kwa wakati, kazi hana.

"Anifukuze pale pale, mbele ya watu," anasema Chapchap huku akifunga begi lake. "Nataka wamtazame usoni, kisha wamwambie akalale."

Na mkutano ukichelewa kwisha, nani atamlaza?

Msusi ndiye anayejibu, uso wake umeelekea ukutani, kama alivyogeuzwa.

"Waliofuta zamu si watakuwepo? Watanilaza wao. Mwenzangu atawaonyesha mto unakaa wapi."

Hapo Chapchap anacheka.