Taa ya Moteri Siku ya Arusi ya Furaha

Musinipe tena gari ya arusi, nawaomba. Jumamosi nilikuwa napeleka mudogo wangu Furaha kanisani kuolewa, mara taa ya moteri ikawaka mbele yangu, rangi ya machungwa. Nikachanganyikiwa. Mafuta iko: alhamisi, nyuma ya ndoa ya serikali kwa komini, nilinunua ya chupa barabarani, na koti hii hii mwilini. Maji iko. Nikazima redio, taa ikakatala kuzimika. Labda ni uzito? Nikashusha mashangazi wawili. Bado.

«Weye unajua kweli?» Furaha akauliza.

«Najua. Shuka na weye, moteri isipasuke.»

Akatembea mu vumbi ya barabara ya Lumumba na robe yake nyeupe, miye nyuma na gari tupu, polepole kama nimebeba maiti.

Kanisani jasho ikanimwangikia. Nikavuta kitambaa mufukoni. Kitu cheusi kikaanguka, kikabingirika mpaka mbele ya padri. Noko yetu, ndugu ya mama, fundi wa magari, akakiokota, akanusa.

«Kifuniko ya tanki ya mafuta,» akasema, kanisa nzima ikasikia. «Taa ilikuwa inaomba hii tu.»

Padri akamuuliza Furaha kama anakubali.

«Ngojea kwanza, padri,» akajibu, akanigeukia.